Watu Watano Mezani: Tuliyojifunza na Watoto Katika Makumbusho ya Sanaa

(Mazungumzo yafuatayo yalitolewa katika Siku ya Familia na mama mmoja mzaliwa wa Njombe, anayeishi Ujerumani na familia yake, alipokuwa nyumbani kwa likizo. Waliohudhuria ni wajumbe wa kamati za parokia pamoja na wageni wafadhili. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema. – Mhariri)



 Wengi wenu mnanifahamu tangu nilipokuwa nikibeba viazi kichwani kwenda gulioni pamoja na mama yangu. Siku hizi ni muuguzi nchini Ujerumani, ambako mimi na baba watoto tumeishi kwa miaka kadhaa. Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya kulea watoto mbali na nyumbani. Nilipofikiri niseme nini, niliona kwamba mawaidha mnayo mengi kuliko mimi, basi afadhali niwasimulie safari moja. Ilikuwa safari ya siku nane, lakini nitakaa zaidi kwenye siku moja tu, ile tuliyoingia na watoto katika makumbusho ya sanaa. Naomba mnivumilie. Mwisho wake unawahusu ninyi pia, hasa wale mnaopiga picha kwa ajili ya jarida letu.

GARI LENYE VITANDA

Baba watoto alikodi gari la aina ambayo wenzetu kule huipenda sana wakati wa likizo. Kwa nje linafanana na gari la kusambazia mikate, ila ni refu zaidi, na kimo chake kinakaribia mita 3. Kwa ndani ni nyumba kabisa: vitanda vya watu watano, jiko dogo la gesi, jokofu, choo chenye ukubwa wa kabati, na meza ambayo usiku hushushwa ikawa kitanda. Mimi nililiita gari-nyumba, na watoto wakalikubali jina hilo. Uzito wake haukuzidi tani 3.5, kwa hiyo leseni ya kawaida ya baba watoto ilitosha kuliendesha.

Najua mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya anasa. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini tulipopiga hesabu ya vyumba viwili vya hoteli na chakula cha watu watano kutwa mara tatu, tukaona gari-nyumba lina nafuu, maana humo tulijipikia wenyewe. Tulipakia unga, maharage, mafuta na gunia dogo la viazi, tukaondoka.

Jambo moja sikuwa nimelifikiria. Ndani ya gari-nyumba hakuna mahali pa kununia. Nyumbani mtoto akikasirika ataingia chumbani kwake na kufunga mlango. Garini akinuna, ananuna mbele ya wote, na usiku utasikia hata anavyogeuka kitandani. Nalisema hili kwa sababu kati ya watoto wetu watatu, mmoja alianza safari akiwa amenuna.

JAMBO LILILOTUSUMBUA

Kifungua mimba wetu ni wa kiume, na wakati huo alikuwa na miaka 14. Anayemfuata ni binti, aliyekuwa na miaka 10, na kitinda mimba naye ni wa kike, alikuwa na miaka 5.

Miezi michache kabla ya safari, katika kituo cha treni ambako kijana wetu hushuka akienda shuleni, lilibandikwa bango kubwa la taasisi moja inayoomba misaada. Lilikuwa na picha ya mama wa Kiafrika aliyechuchumaa mbele ya moto wa kuni, nguo zimechakaa, mtoto mgongoni, na mkono mmoja umenyoshwa kuelekea kwa mtazamaji. Mwanafunzi mwenzake akamwuliza mbele ya wengine, "Huyu ni bibi yako?" Wote wakacheka. Kijana wangu naye akacheka. Kisha akajibu kwamba bibi yake anakaa Dar es Salaam, ghorofani.

Ndugu zangu, bibi yake ni mama yangu mzazi. Mnamjua. Hajapata kukaa ghorofani hata siku moja. Analima viazi vyake pale mteremkoni, na jembe lake halijakaa bure msimu hata mmoja tangu nilipozaliwa.

Habari hii hatukuipata kwake. Tuliipata kwa dada yake, baada ya kuona kwamba kila Jumapili tukimpigia bibi simu, kijana ana kazi nyingi za shule. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa, na methali hiyo baba watoto alimsomea mara moja, kwa ukali. Haikusaidia. Kijana alizidi kufunga mdomo, na sisi tukaishiwa maneno. Sitaki mdhani tulipanga safari ili kumtibu. Tulisafiri kwa sababu tulikuwa na likizo. Lakini jambo hilo tulilipakia garini pamoja na viazi.

MAKUMBUSHO NDANI YA MSITU

Siku ya nne tulikuwa Uholanzi, katika hifadhi inayoitwa De Hoge Veluwe. Ina ukubwa wa hekta zipatazo 5,400, misitu pamoja na nyika na vilima vya mchanga. Ina malango matatu, na penye lango la Hoenderloo kuna uwanja wa kambi, ndipo tulipoegesha gari-nyumba letu. Ndani ya hifadhi hiyo, katikati ya miti, ndipo yalipo makumbusho ya sanaa ya Kröller-Müller.

Makumbusho hayo yalitokana na juhudi za mama mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Helene Kröller-Müller, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Kiholanzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianza kununua michoro ya Vincent van Gogh, wakati jina la mchoraji huyo halijawa kubwa kama lilivyo leo. Mwaka 1935 mkusanyo wake ulikabidhiwa kwa taifa la Uholanzi, na mwaka 1938 makumbusho yakafunguliwa. Leo yana picha za rangi za Van Gogh zinazokaribia 90, na michoro yake mingine ya penseli na wino zaidi ya 180. Ni makumbusho ya Amsterdam yanayobeba jina lake tu ndiyo yenye nyingi kuliko hayo.

Kutoka langoni hadi kwenye makumbusho watu wengi huenda kwa baiskeli. Hifadhi ina baiskeli nyeupe zipatazo 1,800, na ukishalipa kiingilio unachukua yoyote bila malipo mengine. Zipo za watu wazima, za watoto, na zenye kiti cha mtoto mdogo. Ila hazina breki za mkononi. Ukitaka kusimama unarudisha pedali nyuma. Baba watoto, ambaye alijifunza kuendesha kwenye Phoenix ya marehemu baba yake, aliitafuta breki mkononi mpaka akaingia kichakani. Hakuumia. Watoto walicheka wote watatu, hata yule aliyenuna. Nilimshukuru Mungu kwa kichaka kile.

NAMNA TULIVYOINGIA NA WATOTO

Kabla ya siku hiyo tulikuwa tumewahi kuwapeleka watoto katika makumbusho mengine, na ilikuwa taabu tupu. Tulitaka kuona kila kitu kwa kuwa tulikuwa tumelipa. Baada ya saa moja mdogo alikuwa analia na mkubwa amekaa sakafuni. Kwa hiyo safari hii tulijiwekea taratibu, nami nazitaja kwa faida ya mzazi yeyote au mwalimu wa Utoto Mtakatifu atakayetaka kuwatoa watoto.

Kwanza, watoto wale washibe. Tulikunywa uji garini asubuhi, na mkate tukabeba. Mtoto mwenye njaa haoni picha, anaona saa.

Pili, miguu ianze kabla ya macho. Makumbusho yale yana bustani ya sanamu yenye ukubwa wa hekta 25, nasi tulianzia huko. Kuna sanamu nyeupe inayoelea bwawani, kazi ya Marta Pan, na ikipigwa na upepo inazunguka polepole kama bata. Kuna nyingine ya Jean Dubuffet iliyokamilika mwaka 1974, ambayo ni kama shamba jeupe lililochorwa mistari myeusi. Unaingia kwa ngazi ya ndani na kutokea juu yake, unatembea. Pale watoto walikimbia mpaka wakachoka vizuri.

Tatu, tusione picha zaidi ya tano, yaani kila mtu achague moja. Mbele ya picha iliyochaguliwa wote tusimame kwa muda unaotosha kusali fungu moja la Rozari. Ni muda mrefu kuliko mnavyodhani. Jaribuni hata mbele ya picha za Njia ya Msalaba hapo kanisani, mtaona vitu ambavyo hamjapata kuviona.

Nne, kabla ya kusoma kibandiko cha maelezo, kila mtu aseme anachokiona. Na mtu mzima asiwe wa kwanza kusema.

Tano, mikono nyuma. Tuliwaeleza watoto sababu: vidole vyetu vina jasho na mafuta, na rangi iliyowekwa zaidi ya miaka 100 iliyopita haiwezi kuoshwa kama sufuria. Wakielezwa sababu, watoto hutii kuliko wakifokewa.

Binti yetu alichagua picha ya mkahawa wakati wa usiku, iliyochorwa mwaka 1888 katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa. Alitazama, halafu akasema, "Mama, huu usiku hauna rangi nyeusi." Ni kweli. Anga lilikuwa la buluu, na nuru ya mkahawa ilikuwa njano. Baadaye nilisoma kwamba mchoraji mwenyewe alimwandikia dada yake barua akimweleza jambo hilo hilo, kwamba ameuchora usiku bila kutumia nyeusi. Mtoto wa miaka 10 aliliona bila barua.

Baba watoto alimchagua mpanzi anayetupa mbegu shambani, nyuma yake jua kubwa la njano na ndege wanaomfuata. Akasema, "Hao ndege nawafahamu." Yeyote aliyepanda mahindi hapa anaelewa alichosema.

Kitinda mimba alisimama mbele ya picha ya mzee aliyevaa nguo za buluu, amekaa kitini karibu na moto, uso wake ameufunika kwa ngumi zake mbili. Van Gogh aliichora mwaka 1890 akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, miezi kama miwili kabla ya kufariki. Mtoto hakuyajua hayo. Alisogea mpaka mwisho wa ruhusa, akasema kwa Kiswahili, "Pole, babu." Mlinzi wa chumba kile hakuelewa neno, lakini sauti aliielewa, maana aligeukia dirishani akitabasamu.

Mimi nilipoulizwa chaguo langu nilisema nimechagua benchi. Miguu ya muuguzi nayo ina haki yake.

MEZA YA VIAZI

Ikabaki zamu ya kijana. Alikuwa ametutangulia, mikono mfukoni. Nilimkuta peke yake mbele ya picha yenye giza, ambayo wageni wengi walikuwa wakiipita ili wakaone zile za jua.

Ni picha ya watu watano mezani. Juu yao inaning'inia taa ya mafuta. Katikati kuna sahani kubwa ya viazi vilivyochemshwa, na mwanamke mmoja anamimina kahawa vikombeni. Mikono yao ni migumu, nyuso zina mifupa. Ilichorwa mwaka 1885 katika kijiji cha Nuenen, kusini mwa Uholanzi, na watu waliochorwa ni familia ya wakulima ya De Groot. Van Gogh aliirudia tena kwa ukubwa zaidi, na hiyo iliyo kubwa ipo Amsterdam. Sisi tuliiona hii iliyotangulia.

Nikanyamaza. Baada ya muda kijana akauliza bila kugeuka, "Mama, hiyo ni koroboi?" Nikamwambia si koroboi hasa, ni taa ya kutundika, lakini mwanga wake ni ule ule. Akakaa kimya tena. Kisha akasema, "Kwa bibi kulikuwa hivi."

Alikuwa na miaka 6 tulipomleta nyumbani mara ya mwisho kabla ya safari ile, na umeme ulikuwa haujafika kwa mama. Sikujua kama anakumbuka. Alikumbuka vivuli ukutani, moshi machoni, na viazi alivyomenya kwa vidole huku vikimuunguza. Aliyasema hayo yote akiitazama ile picha.

Halafu akauliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa nini hawa hawaombi kitu?"

Nilielewa alikokuwa. Wale wa kwenye picha walikuwa maskini, tena mchoraji hakuuficha umaskini wao. Lakini hakuna aliyemnyoshea mtazamaji mkono. Hawakuwa hata na habari naye. Walikuwa wanakula walichokilima wenyewe, na mmoja alikuwa anammiminia mwenzake kahawa. Aliyeingia pale na kuwatazama alikuwa mgeni, na mgeni hungoja karibu.

Wadogo zake wakatufikia. Kitinda mimba akauliza, "Wanajua tunawatazama?" Binti akauliza, "Wao wenyewe waliiona?" Sikuwa na jibu. Tukasimama pale kwa fungu zima la Rozari, na nadhani likazidi.

MWINJILISTI ALIYEACHISHWA KAZI

Jioni ile garini, viazi vikichemka, baba watoto alitusomea kitabu kidogo tulichonunua pale makumbusho. Naomba niwape kwa ufupi, maana kuna kamati ndani yake.

Vincent van Gogh alizaliwa mwaka 1853 katika kijiji cha Zundert, na baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti. Mwishoni mwa mwaka 1878 Vincent alikwenda Borinage, eneo la migodi ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji, na huko akapewa kazi ya uinjilisti kwa muda wa majaribio. Aliwatunza wachimbaji walioumia na wagonjwa wa homa, akagawa nguo zake, akaacha chumba kizuri alichopangishiwa, akawa analala kwenye kibanda. Mwaka 1879 kamati iliyomsimamia ilikataa kumwongezea muda. Iliona amepitiliza, na tena hana kipaji cha kuhubiri. Naomba kamati zilizoko hapa zisinikasirikie. Sisemi ile ilikuwa kamati ya watu wabaya. Huenda hata sisi tungepiga kura kama wao.

Mwaka uliofuata, 1880, aliamua kuwa mchoraji. Alianza na hao hao wachimbaji, na baadaye wafumaji na wakulima. Pale Nuenen, kabla ya kuchora meza ya viazi, alipitisha majira ya baridi akichora vichwa vya wakulima, vipatavyo 40. Aliingia nyumbani mwao jioni baada ya jioni. Alimwandikia ndugu yake Theo kwamba alitaka ionekane wazi kuwa watu wale wameichimba ardhi kwa mikono ile ile wanayoitia sahanini, na kwamba chakula chao wamekipata kwa haki. Hata rangi za nyuso alizifananisha na kiazi chenye vumbi, kisichomenywa.

Haikumletea sifa. Rafiki yake mchoraji, Anthon van Rappard, alipoona nakala iliyochapwa aliikosoa kwa maneno makali, na urafiki wao ukavunjika. Mwaka huo huo padre Mkatoliki wa pale aliwakataza waumini wake kukaa ili wachorwe naye. Binti akauliza kwa nini. Baba yake akasema kijijini kulikuwa na maneno. Mnacheka kwa sababu mnajua vijiji.

Viazi vikaiva. Tukavila na maganda yake, tukiwa tumebanana mezani chini ya kitaa kidogo cha gari, na nje mvua. Kitinda mimba akatuhesabu, akasema, "Na sisi tuko watano." Hakuna aliyeongeza neno.

Jumapili iliyofuata tulipompigia bibi simu, kijana alinyosha mkono akaichukua. Hakuomba msamaha, wala bibi hakujua kama kuna kosa. Aliuliza tu, "Bibi, ile koroboi bado unayo?" Mama akamjibu anayo, iko juu ya kabati, maana umeme wenu huu hauna adabu. Wakazungumza dakika kama ishirini. Mimi nilijifanya naosha vyombo.

BIBI NA NGUO ZA JUMAPILI

Sasa tuko nyumbani, na jambo la mwisho limetokea wiki hii hii. Tangu safari ile kijana huchora. Hajawa fundi, lakini hachoki. Alipofika hapa alimwambia bibi yake kwamba anataka kumchora akiwa shambani, ameshika jembe, na nguo zake za kazi. Alimweleza habari zote za meza ya viazi. Nami nilijua ya kuwa Van Gogh mwenyewe aliandika kwamba mkulima hupendeza zaidi akiwa na nguo za shamba kuliko akiwa amevalia kwenda kanisani.

Mama yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapana. Nichore nimevaa vitenge vyangu vya Jumapili, nimekaa kitini, na viatu."

Kijana alikasirika kidogo. Alikuja kwangu akasema bibi anaharibu picha. Nikamkumbusha swali la dada yake mbele ya ile picha, kama wale watu waliiona wenyewe. Akatulia. Akarudi, akamchora na vitenge, na viatu, na rozari mkononi. Bibi aliitazama, akaamuru pua ipunguzwe, ikapunguzwa. Sasa imebandikwa ukutani kwake. Siku ya pili bibi mwenyewe alimwita shambani akamwambia, "Haya, sasa chora hiyo yako ya jembe. Lakini hii ni ya nyumbani. Usimpe mtu bila kuniuliza."

Kwa hiyo zipo picha mbili, zote za kweli, na mwenye uso ndiye aliyesema ipi iende wapi.

OMBI LANGU

Sasa nageukia kamati na wafadhili. Najua mfadhili anataka kuona fedha yake imefanya nini, naye ana haki hiyo. Najua pia kamati zinaandika taarifa kila robo mwaka, na taarifa isiyo na picha haisomwi. Sisemi picha zisipigwe. Naomba mambo matatu tu.

La kwanza, tuombe ruhusa kabla, tena kwa kukaa, si kwa kupita. Van Gogh alikaa na watu wake miezi. Sisi tunashuka garini, injini inanguruma, tunapiga, tunaondoka.

La pili, aliyepigwa picha aione kabla ya wengine, na nakala imrudie. Katika kabati ya ofisi ya parokia kuna picha za watu wetu ambao hawajapata kuziona.

La tatu, tuwaonyeshe watu wakiwa katika shughuli zao: wanalima, wanakula, wanamiminiana chai. Mkono unaofanya kazi una habari nyingi kuliko mkono ulionyoshwa. Kumbukeni kwamba jarida hili na mabango yale yanasomwa pia na wajukuu wa hao waliopigwa picha, vituoni, mbele ya wenzao.

Kwa wazazi nina neno fupi. Hamhitaji gari-nyumba wala safari ya Uholanzi. Iringa kuna Boma, jengo la zama za Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho, na Kalenga iko jirani, linapotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Mwenye kufika Mwanza aende Bujora akaone makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Wapelekeni watoto wakiwa wameshiba, waone vitu vichache, na muwaache waseme kwanza.

Mwanangu yupo pale nyuma, na nilimwomba ruhusa kabla ya kuyasema haya. Alinikubalia kwa sharti moja, kwamba picha yake isitoke katika jarida.